Mwongozo kamili: kuishi kwa uigizaji wa vichekesho na kazi ya sauti

Kuna waigizaji ambao sura zao unazijua kuliko majina yao. Ni karani anayekataa kugonga muhuri kwa sababu muda wa kazi umebaki dakika mbili, jirani anayepita "kusalimia tu", daktari anayeogopa damu. Anaonekana kwenye filamu dakika nne, na watu wakitoka ukumbini wanaigizana zile dakika nne. Kesho yake mtu huyohuyo yuko ndani ya kibanda kisicho na dirisha, hedifoni masikioni, anabweka kwa niaba ya mbwa aliyesomea sheria.

Kazi hii haina mabango makubwa, ila ina umri. Nyota akizeeka, nafasi za kuigiza humpungukia. Karani mwenye kiburi akizeeka, nafasi humwongezekea, maana sasa anaweza pia kuwa hakimu mwenye kiburi na babu mwenye kiburi. Walter Brennan alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi mara tatu, kwa filamu za 1936, 1938 na 1940. Thelma Ritter aliteuliwa mara sita kwa tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike, asishinde hata moja, na simu yake haikuacha kulia.

Nitakupitisha njia nzima, kuanzia kujijua hadi kutunza mafaili. Msimamo wangu nautaja mapema ili usije ukalalamika katikati: sauti ya kuchekesha peke yake haina soko. Watoto wa shule wanazo, wajomba kwenye harusi wanazo. Kinachonunuliwa ni mtu kamili aliye ndani ya sauti hiyo, na uhakika kwamba utamleta yuleyule kila ukiitwa.

Hatua ya kwanza: jua watu wanaona nini kabla hujafungua kinywa

Italia ya karne ya 16 ilikuwa na vikundi vya commedia dell'arte, michezo ya vichekesho ya wahusika wenye vinyago, ambavyo hadhira iliwatambua wahusika wake kwa kinyago na mwendo tu. Pantalone, mzee tajiri na bahili. Dottore, msomi asiyeishiwa maneno. Capitano, askari wa majigambo anayetimua mbio akisikia kishindo. Arlecchino, mtumishi mwenye njaa isiyokwisha. Mwigizaji aliweza kubaki na kinyago kimoja miaka nenda rudi, akikinoa. Vinyago vimevuliwa, watu wa aina hizo wamebaki, na anayechagua waigizaji leo bado anakuweka kwenye kapu mojawapo ndani ya sekunde chache za kwanza. Afadhali ulijue kapu lako kabla yake.

Jirekodi video ya dakika moja ukieleza jambo la kawaida, bila kuigiza. Waonyeshe watu kadhaa wasiokufahamu sana, sauti ikiwa imezimwa, uwaulize: huyu anafanya kazi gani? Anajivunia nini? Anaficha nini? Watu wengine wasikie sauti bila kuona picha, maswali ni yaleyale. Usimwulize mtu kama unachekesha, kwa sababu atakujibu kwa adabu na hutajifunza kitu. Majibu ya makundi mawili yakifanana, umepata aina yako. Yakipingana, yaani picha inasema mkuu wa gereza na sauti inasema mtoto wa kwaya, umepata zaidi: pengo hilo ni kichekesho ambacho hujakitolea jasho.

Yapo majibu yatakayokuuma. "Anaonekana mtu wa kuchongea wenzake kazini." Yaache yapoe siku mbili tatu, kisha yasome tena kwa jicho la biashara. Mchongezi ana kazi katika kila tamthilia ya ofisini iliyowahi kuandikwa.

Sterling Holloway alikuwa na sauti ya juu, nyepesi, yenye mkwaruzo, ambayo mwalimu mkali angemwambia aitibu. Kwa sauti hiyo alikuwa paka wa Cheshire kwenye Alice in Wonderland, katuni ya Disney ya 1951, dubu Winnie the Pooh kuanzia 1966, na Kaa, yule chatu wa The Jungle Book, mwaka 1967. Wasikilize watatu hao mfululizo, uone jinsi alivyoibadilisha kidogo sana. Kilichobadilika ni nia: wa kwanza anataka kukuchanganya akili, wa pili anataka asali, wa tatu anataka kukumeza.

Hatua ya pili: mjenge mtu, sauti itafuata

Hapa ndipo wanaoanza huwa na haraka, nami nitakaa.

Ukipewa mhusika, hata wa mistari mitatu, jibu kwanza kwa maandishi: anataka nini sasa hivi, katika tukio hili? Anamwogopa nani? Anajiona ni nani? Swali la tatu ndilo mgodi. Mhusika wa kuchekesha huishi katika nafasi iliyopo kati ya anavyojiona na tunavyomwona. Don Knotts alishinda Emmy tano, tuzo za televisheni za Marekani, kwa nafasi ya Barney Fife katika kipindi cha The Andy Griffith Show, askari msaidizi wa mji mdogo anayejiona simba wa sheria ilhali mikono inamtetemeka. Knotts hakumcheka Barney hata siku moja. Alimwamini kabisa, na imani hiyo ndiyo iliyowaua watazamaji kwa kicheko.

Kipindi hichohicho kina funzo lingine. Andy Griffith, aliyekuwa mhusika mkuu, alikusudiwa kuwa mchekeshaji. Alipoona Knotts anavyofanya, akarudi nyuma, akawa mtu mtulivu anayemtazama Barney akijichanganya. Jifunze na nafasi hiyo ya utulivu. Anayeweza kusimama kimya, kusikiliza vizuri na kumpa mwenzake nafasi huitwa tena haraka kuliko anayetaka kila kicheko kiwe chake.

Ukishamjua mtu, anza na mwili. Simama. Peleka kidevu mbele, kisha kirudishe shingoni, useme sentensi ileile mara zote mbili. Kaza taya. Legeza midomo. Inua mabega mpaka karibu na masikio. Utasikia sauti inabadilika yenyewe bila wewe kuibana kooni, na sauti iliyotoka mwilini utaipata tena wiki ijayo. Iliyobanwa kooni itakupotea, na itakuachia maumivu.

Baada ya mwili, chezea sauti yenyewe. Una urefu wake, juu au chini. Una mahali inapolia: kifuani, puani, nyuma ya koo, mbele kwenye meno. Una kasi, una kiimbo, una kiasi cha pumzi unachoruhusu kivuje. Kwa kuanzia badilisha viwili tu. Ukibadilisha vitano kwa mpigo utakuwa na kelele ya kupendeza isiyoweza kusema aya ndefu, na skripti zina aya ndefu. Mpime mhusika mpya kwa kumfanya asome taarifa ya habari, aombe msamaha, anong'one, apige kelele, acheke, kisha alie. Akivunjika kwenye mojawapo, bado hajakomaa.

Kila mhusika mpe sentensi ya ufunguo, maneno machache ambayo ukiyatamka mwili wote unakaa mahali pake. Karani wetu: "Dirisha limefungwa." Ni neno la siri kati yako na yeye, si lazima liwemo kwenye skripti.

Wahusika wanatoka wapi? Kwa watu halisi, na dawa ni kuchanganya. Chukua mwendo wa mwalimu wako wa zamani, uupe pumzi za dereva mwenye haraka. Kuiga mtu maarufu kwa usahihi ni burudani ya mezani yenye soko dogo, lakini kumuiga vibaya ni hazina: pale unapomkosa ndipo mtu mpya anapozaliwa. Sikiliza na visivyo watu. Kwenye kipindi cha redio cha mchekeshaji Jack Benny kulikuwa na gari bovu aina ya Maxwell ambalo mlio wake ulitoka kwenye rekodi. Siku mashine ilipogoma, mwigizaji wa sauti Mel Blanc akasogea kwenye maikrofoni akalikohoza gari kwa mdomo, na tangu hapo gari likawa lake. Billy Gilbert alijulikana jukwaani kwa chafya moja ndefu inayokataa kuja, na chafya hiyo ndiyo iliyompa nafasi ya Sneezy, mmoja wa wale vibete saba wa Disney wa 1937. Ukiwa na kituko kidogo ambacho ni chako peke yako, usikidharau.

Neno kuhusu lafudhi. Ukiazima lafudhi ya watu wengine ili wachekwe, kuna siku utadaiwa. Hank Azaria, baada ya miaka ya malalamiko kuhusu Apu, mhusika wa Kihindi wa katuni ya The Simpsons, alitangaza mwaka 2020 kwamba hatamfanya tena. Kipimo changu ni chepesi: ondoa lafudhi, soma mistari ileile. Kama hakuna kinachobaki cha kuchekesha, hukuwa na mhusika.

Hatua ya tatu: kutega na kufyatua

Mzaha una mtego na una mfyatuko. Mtego unasemwa wazi, bila haraka na bila ujanja, kwa sababu asiyesikia mtego hawezi kunaswa. Halafu kituo kidogo. Halafu neno. Neno linalochekesha likae mwisho wa sentensi, na usilimeze. Wasemaji wa Kiswahili tuna tabia ya kushusha sauti tunapofika mwisho wa sentensi, na ndipo vicheko vingi vinapofia. Soma mstari kinyumenyume, neno la mwisho kwanza, uongeze moja moja nyuma yake, mpaka mdomo uzoee kufika mwisho ukiwa bado na pumzi.

Jukwaani utapata kicheko, na kicheko kina umbo: kinapanda, kinafika kilele, kinaanza kushuka. Mstari wako unaofuata uanze kinaposhuka, kabla hakijaisha. Ukiwahi, hawakusikii. Ukichelewa, ukumbi unapoa. Mbele ya kamera hakuna kicheko cha kukuongoza, na kwenye maikrofoni hakuna hata uso. Ndiyo maana nawashauri wote wanaotaka kazi ya sauti wapande jukwaani kwanza, hata jukwaa la watu kumi na watano, ili masikio yazoee umbo hilo na baadaye walisikie kichwani wakiwa peke yao kibandani.

Na usiombe kicheko. Kutoa macho, kurefusha sauti, kumaliza sentensi kwa kutabasamu ili watu wajue kwamba huo ulikuwa utani: yote hayo ni kuomba. Mhusika wako ana shida ya kweli. Shughulika na shida yake.

Kubuni papo hapo ujifunze kwenye kikundi, si kwenye kioo. Kanuni ya msingi ni kupokea alichokuletea mwenzako na kukiongezea. Robin Williams alimwaga vichekesho vya papo hapo visivyohesabika alipokuwa jini wa Aladdin, katuni ya 1992, na tangu hapo kila anayeanza anataka kutupa skripti dirishani. Mpangilio wa heshima ni huu: toa kwanza kilichoandikwa, kama kilivyoandikwa, vizuri. Kisha uliza, "Naweza kuwapa kimoja cha kwangu?" Kama mwandishi yuko chumbani, mtazame yeye unapouliza.

Hatua ya nne: koo

Nyuzi za sauti za mwanamume mzima zikiongea kawaida hugongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde, za mwanamke karibu mara 200. Zidisha kwa saa nne za kupiga kelele za zimwi, utaelewa kwa nini sehemu hii haina utani.

Pasha sauti joto kabla ya kazi: vuma ukiwa umefunga midomo, tetemesha midomo, kisha puliza sauti kupitia mrija mwembamba, ukipanda na kushuka taratibu kwa dakika tano. Mrija huo unaonekana mchezo wa watoto, lakini ni zoezi ambalo hata wataalamu wa tiba ya sauti huwapa wagonjwa. Maji unywe kutwa nzima, maana maji unayokunywa hayapiti kwenye nyuzi za sauti. Yanazifikia kupitia mwili, na hilo huchukua muda. Kelele zote za kikao zipangwe mwisho. Siku umemeza aspirini usiende kupiga mayowe, kwa kuwa huongeza hatari ya mshipa kuvuja damu kwenye nyuzi. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, achana na ushauri wa wenzako.

Hatua ya tano: chumba cha kurekodia

Siku hizi usaili mwingi wa sauti unatumwa kutoka nyumbani, kwa hiyo chumba ni sehemu ya kipaji chako. Anza na ukimya, maikrofoni baadaye. Kabati lililojaa nguo, au pembe iliyozungushiwa mablanketi mazito na magodoro, inashinda chumba kizuri chenye kuta tupu. Trei za mayai ukutani ni imani tu. Hazizuii kelele ya nje na hazinyonyi mwangwi wa maana.

Studio nyingi za kazi hii hutumia maikrofoni ya Neumann U 87 au Sennheiser MKH 416, na zote mbili zina bei ya kuumiza. Huzihitaji kuanza. Chukua maikrofoni ya kondensa ya kawaida inayosikia zaidi upande wa mbele, kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta, chujio la kuzuia mipasuko ya "p" na "b", na hedifoni zinazofunika sikio lote. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Kwenye mipangilio ya programu chagua faili la WAV, ambalo halipunguzi ubora wa sauti, 48 kHz, biti 24. Kinywa kiwe shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, kidogo pembeni. Kwenye kipimo cha programu, ambapo 0 dB (desibeli) ndiyo ukomo, vilele vya sauti vicheze kati ya -6 na -3 dB, na ukinyamaza kabisa, mnong'ono wa chumba uwe chini ya -60 dB. Ukipiga kelele, rudi nyuma hatua moja, geuza kichwa kidogo, na upunguze kiwango cha kuingiza sauti kabla, kwa sababu sauti iliyopasuka haishonwi.

Usirundike madoido ya programu juu ya rekodi ya usaili. Wanataka kukusikia wewe.

Hatua ya sita: demo

Demo, yaani rekodi fupi ya kuonyesha unachoweza, ikiwa ya wahusika ni sekunde 60 hadi 90. Wasikilizaji wengi huamua mapema, hivyo aliye karibu kabisa na sauti yako halisi atangulie, kwa sababu ndiye utakayeajiriwa kwa ajili yake mara nyingi. Wahusika sita au saba wanatosha. Kila mmoja apewe sekunde nane hadi kumi na mbili, awe katikati ya jambo fulani, akitaka kitu kutoka kwa mtu fulani. Usiseme, "Mimi ni mchawi mzee mwenye hasira!" Mchawi halisi anagombana na fundi aliyemchelewesha ufagio.

Badilisha hisia, si sauti tu. Demo nyingi mbovu ni wahusika saba wote wakiwa wamechangamka kwa kiwango kimoja. Weka mmoja anayezungumza taratibu, karibu ananong'ona, katikati kabisa. Sikio litashtuka na kusogea.

Usichukue mistari ya katuni maarufu, maana utalinganishwa na aliyeifanya. Andika yako, au mtafute mwandishi anayeanza mkasaidiane. Na usilipie demo ya kitaalamu kabla hujawa tayari: ikikuzidi uwezo, utaitwa studio ukashindwa kumtoa mhusika aliye kwenye demo yako mwenyewe. Hilo husambaa.

Kwa upande wa kamera, tengeneza video fupi ya matukio mawili tofauti, na picha za uso mbili tatu zinazofanana na wewe wa leo. Picha iliyokupunguza miaka kumi inakukosesha kazi za umri wako na haikupi za umri ule.

Hatua ya saba: usaili

Ukijirekodi kwa kamera, simu iwe imelazwa kwa upana, nyuma yako pawe wazi, mwanga utoke mbele. Anayekusomea mistari ya upande wa pili asimame karibu kabisa na lenzi, asome kwa utulivu, na sauti yake isikuzidi. Usitazame lenzi yenyewe isipokuwa umeambiwa.

Soma maelezo ya mhusika mara moja, skripti mara nne. Maelezo yatasema "mcheshi, mwenye nguvu", na waombaji wote watafanya mcheshi mwenye nguvu. Skripti ndiyo inayosema kwamba amefiwa na kasuku. Kwa kazi ya sauti, mara nyingi unaruhusiwa kutuma namna mbili: ya kwanza iwafuate wanavyoomba, ya pili iwe uamuzi wako wa kweli, si ileile kwa sauti kubwa zaidi.

Mwaka 1987 Nancy Cartwright aliitwa kusomea nafasi ya dada mdogo katika katuni fupi fupi za familia moja. Alipofika akaona pia maelezo ya kaka mtu, akaomba asome hayo badala yake. Akapewa kazi ya Bart Simpson palepale, na ameifanya kwa miongo. Kuomba inawezekana, ila aliomba akiwa amejiandaa. Alishasoma kwa Daws Butler, sauti ya Yogi Bear, aliyekuwa akifundisha vijana nyumbani kwake. Mwalimu wa aina hiyo ukimpata, mwigizaji mkongwe anayekubali kukaa nawe na skripti moja saa nzima, mshike.

Ukishatuma, sahau. Kuandika kuuliza matokeo baada ya siku mbili hakujawahi kumpa mtu nafasi.

Hatua ya nane: siku ya studio

Fika mapema, umekula kidogo (tumbo linalonguruma linasikika), umevaa nguo zisizopiga kelele. Koti la nailoni, bangili na funguo vibaki nje. Kurasa usizishike mkononi. Ziweke kwenye kishikio na usizifunue ukiwa unasema. Mate yakilia mdomoni, tofaa la kijani husaidia, na fundi mitambo mkongwe atakuheshimu ukija nalo.

Uliza uko kwenye kazi ya aina gani, kwa maana zinatofautiana sana. Katuni mpya kwa kawaida hurekodiwa sauti kwanza, wachoraji wakafuata sauti yako, kwa hiyo una uhuru wa kuvuta na kukatiza. Kuingiza sauti juu ya picha iliyokamilika ni kinyume chake: utasikia milio mitatu, na pale ambapo mlio wa nne ungekuja ndipo unapoanza kusema, midomo ya aliye kwenye skrini ikiwa bwana wako. Michezo ya video ni orodha ya mistari mifupi mamia kwa mamia, bila mwenzako wa kujibizana naye. Kwa kila mstari uliza: ninayemwambia yuko umbali gani? Nimeumia? Kuna kelele gani? Mwisho wa kikao kuna miguno: kupigwa tumboni, kuanguka kutoka kimo kifupi, kuanguka kutoka mlimani, kuungua, kufa haraka, kufa polepole. Ni sehemu ya kazi inayochekesha kuitazama na inayochosha kuifanya. Mayowe kama hayo saa mbili zinatosha. Vikao vikirefushwa zaidi, una haki ya kusema.

Dairekta akisema, "Nipe tatu," anataka mstari uleule mara tatu mfululizo, bila kusimama, kila mmoja ukiwa tofauti. Tofauti ni wazo, si sauti. Wa kwanza unamshuku unayemwambia, wa pili unamdharau, wa tatu unataka kukojoa. Fanya hivyo na utashangaa namna kikao kinavyokwenda.

Maelekezo mengine yatakuwa ya ajabu. "Iwe ya njano zaidi." Usibishane, usiombe tafsiri ndefu, badilisha kitu kimoja kinachosikika waziwazi, usubiri. Mtu aliye nyuma ya kioo mara nyingi hajui anachotaka mpaka akisikie, na kazi yako ni kumletea vitu vya kusikia. Ukikosea mstari, nyamaza sekunde, rudia kuanzia mwanzo wa sentensi. Kuomba radhi kunakula muda wa studio unaolipiwa na mwingine.

Hatua ya tisa: fedha na karatasi

Wakala mzuri hukata asilimia, mara nyingi 10 hadi 20, ya kazi aliyokupatia. Anayetaka ada kabla hujapata kazi anafanya biashara nyingine, na bidhaa ni wewe.

Malipo ya sauti yana mambo mawili: ulichofanya siku ile, na matumizi. Mkataba useme rekodi itatumika wapi, kwa chombo gani, kwa muda gani. Tangazo la mwezi mmoja la redio na lile la "popote, milele" si bei moja. Useme pia marudio mangapi yamo ndani ya malipo, nani analipa yakizidi kwa sababu skripti imebadilika, na kama unazuiwa kufanya kazi na wapinzani wa mteja.

Kisha kifungu cha akili mnemba. Waigizaji wa Marekani, kupitia chama chao cha SAG-AFTRA, waligoma siku 118 mwaka 2023, na wale wa michezo ya video wakagoma tena kuanzia Julai 2024. Migomo yote miwili ilibeba hoja hii: nani ana haki ya kutengeneza nakala ya sauti au sura yako, na anakulipa nini. Tafuta maneno yenye maana ya "teknolojia yoyote, ya sasa au itakayobuniwa". Omba yafutwe, au iandikwe wazi kwamba rekodi haitatumika kufundisha wala kuzalisha sauti ya mashine bila idhini na malipo mengine. Wengi wataondoa wakiulizwa. Wasiotaka wamekwambia walichokusudia.

Jiunge na chama cha waigizaji kama kipo unakofanyia kazi. Na usiache kazi inayokulisha kwa sababu ya tangazo moja. Mapato ya fani hii huja kwa mafungu, na mafungu hayana ratiba.

Hatua ya kumi: miaka thelathini

June Foray, sauti ya Rocky, yule kindi wa katuni, alipata Emmy mwaka 2012 akiwa na miaka 94. Kwenye kazi ya sauti hakuna anayeuliza una makunyanzi mangapi, mradi koo linatii na watu wanafurahi ukiingia. Hilo la pili ndilo linalopuuzwa. Mel Blanc alipopata ajali mbaya ya gari mwaka 1961, Daws Butler alimshikia nafasi ya Barney Rubble wa katuni ya The Flintstones kwa vipindi kadhaa, kisha Blanc akaendelea kurekodi akiwa bado kitandani ndani ya plasta. Walikuwa washindani wa soko moja. Watafute washindani wako mapema, wajue, wapelekee kazi usizozifaa.

Kila mwaka ongeza wahusika wawili watatu na ustaafishe waliochakaa. Tengeneza demo upya ukipata kazi halisi za kuweka ndani yake. Endelea na jukwaa, hata ukiwa umeshapata jina studioni.

Na tunza kumbukumbu. Kila ukimaliza kumrekodi mhusika, kabla hujatoka studio omba vipande viwili vya sauti yake, kimoja akiwa mtulivu na kingine akiwa amekasirika. Andika pembeni sentensi yake ya ufunguo, mkao wa mwili, kidevu kiko wapi, pumzi ikoje, ulikuwa umbali gani na maikrofoni. Wakikupigia baada ya miaka mitatu wakitaka sehemu ya pili, hawatakuwa na subira ya wewe kumkumbuka. Watacheza rekodi ya zamani, kisha yako ya leo, na kusikiliza tofauti. Jina la faili liwe na jina la mhusika na mwaka, na nakala moja ikae nje ya kompyuta unayorekodia.